Saburi ya Mkristo katika kero za kila siku: je, kuvumilia maana yake ni kunyamaza?

#1 – Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, Bwana Yesu asifiwe.

Kuna kauli moja ambayo Wakristo tumeizoea mno, na naona imefika wakati wa kuijadili. Mtu akieleza kwamba amezungushwa ofisini kwa karatasi inayohitaji sahihi moja tu, au kwamba fundi amechukua fedha ya vifaa na sasa hapokei simu, au kwamba maji yalitoka saa nane za usiku akiwa amelala na asubuhi ndoo zake ni tupu, wa kwanza kumjibu humwambia, "Vumilia, wewe si umeokoka?" Wa pili huongeza kwamba mvumilivu hula mbivu. Nimechunguza nikaona kuwa methali hiyo, mara nyingi, hutolewa na mtu ambaye mwenyewe hasubiri chochote.

Hoja yangu ni kwamba saburi inayofundishwa na Maandiko ina pande mbili ambazo hazitenganishwi. Upande mmoja ni kuuzuia ulimi usimwangukie mtu mdogo aliye karibu nawe ilhali tatizo hakulileta yeye, na upande wa pili ni kulifuatilia jambo lako la haki, kwa adabu lakini bila kuchoka, hadi lifike mwisho. Anayeshika upande wa kwanza peke yake huishia kuwa mtu wa kuonewa, na anayeshika wa pili peke yake huishia kuwa mtu ambaye hata mlinzi wa getini akimwona anajificha.

Naomba nieleweke kwamba siongelei misiba wala maradhi mazito. Hayo yana nafasi yake, na kwa kweli tunayabeba vizuri kuliko tunavyodhani: watu huchanga, hukesha, huja na mchele na mkaa, na mchungaji hufika. Kinachotumaliza ni vitu vidogo ambavyo havina matanga. Hakuna anayekuja kukupa pole kwa sababu daladala zote zimekupita kituoni zikiwa zimejaa, na hakuna kwaya itakayokuimbia kwa sababu mafuta ya kupikia yamemwagika siku mbili kabla ya mshahara.

Nitoe mfano wa jambo nililolishuhudia katika hospitali moja hapa Dar es Salaam, ambayo sina sababu ya kuitaja. Dirisha la kuandikisha wagonjwa wa bima lilikuwa limesimama kwa kuwa mtandao ulikuwa unasumbua. Dada wa mapokezi alikuwa ameigeuza kompyuta kidogo ili watu wajionee wenyewe kile kiduara kinachozunguka bila kufika popote, na pembeni, juu ya mashine ya kuchapia, palikuwa na andazi lililong'atwa mara moja na kuachwa. Baba mmoja aliyevaa fulana ya kwaya, yenye jina la usharika mgongoni, alimshambulia dada yule kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika humu. Dada hakujibu, ila mikono yake ilianza kutetemeka, na kazi ambayo angalau ilikuwa inakwenda polepole ikasimama kabisa.

Mzee aliyekuwa nyuma yake alisogea akauliza, "Mwanangu, mtandao huu anaushughulikia nani? Na wakati tunasubiri, watoto na wazee hawawezi kuandikwa kwenye daftari wakamwone daktari, halafu mkaingiza taarifa zao baadaye?" Dada alimwita muuguzi wa zamu, muuguzi akaleta kaunta buku, na wenye watoto wakaanza kuingia. Sisi wengine tuliendelea kungoja mpaka mchana, kwa hiyo sisemi kwamba upole wa yule mzee ulitengeneza mtandao. Ninachosema ni kwamba yeye, tofauti na yule mwanakwaya, aliuliza swali lenye jibu, na alimwuliza mtu kama mtu. Mithali 15:1 inasema, "Jawabu la upole hugeuza hasira; bali neno liumizalo huchochea ghadhabu." Tunaunukuu mstari huu kana kwamba unatutaka tusiseme kitu, lakini jawabu la upole nalo ni jawabu.

Sasa tuingie katika Maandiko yenyewe, maana hapa ndipo ninapoona tumepunja mafundisho. Katika Luka 18 Bwana Yesu alitoa mfano ili watu wajue kwamba imewapasa kumwomba Mungu sikuzote bila kukata tamaa, na mtu aliyemchagua kuwa kielelezo ni mjane anayemwendea kadhi dhalimu tena na tena akidai haki yake, hadi kadhi anakubali kwa kuogopa kuchoshwa. Ayubu naye, ambaye Yakobo 5:11 inamtaja kwa saburi yake, hakunyamaza hata kidogo: kuanzia sura ya 3 anahoji, analalamika na kutaka kesi yake isikilizwe, na mwishoni, katika 42:7, Mungu anawakemea wale rafiki zake waliokuwa wakimtaka atulie na kukiri kosa ambalo hakulifanya.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni ule wa Paulo na Sila kule Filipi, katika Matendo 16. Walichapwa viboko hadharani bila kuhukumiwa, wakatupwa katika chumba cha ndani cha gereza na miguu yao ikafungwa kwenye mkatale. Usiku wa manane wakaomba na kuimba, na hiyo ndiyo sehemu tunayoihubiri kila mwaka. Lakini tazameni yaliyofuata. Tetemeko lilipofungua milango, mlinzi wa gereza alichomoa upanga ajiue, kwa kuwa alidhani wafungwa wametoroka. Paulo akapaza sauti kumzuia asijidhuru. Mlinzi huyo ndiye aliyewabana miguu jana yake, lakini Paulo hakuwa na kisasi naye, kwa sababu alijua amri haikutoka kwake. Kulipokucha, makadhi wakatuma watu kusema wafungwa waachiliwe waende zao kimyakimya. Hapo Paulo akakataa. Akasema wamepigwa mbele ya watu wote bila hukumu, ilhali wao ni raia wa Rumi, kwa hiyo waliotoa amri waje wenyewe wawatoe. Na makadhi wakaja, wakiwa na hofu, wakawasihi. Kwa mlinzi alikuwa na huruma, na kwa wenye mamlaka alikuwa na msimamo, yote hayo ndani ya usiku mmoja na asubuhi yake. Sisi mara nyingi hufanya kinyume: tunamfokea mlinzi, halafu tukiingia kwa mkubwa tunasema, "Hamna shida, bosi."

Hata Bwana Yesu mwenyewe, aliyefundisha kugeuza shavu la pili, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu alimwuliza aliyempiga kwa nini anampiga ikiwa alichosema ni chema. Yameandikwa katika Yohana 18:23. Hakurudisha kofi, lakini pia hakuliacha lipite kana kwamba ni haki.

Naona vyema nilete mfano wa nyumbani, kwa kuwa dirisha la hospitali hukutani nalo kila siku, lakini jirani unakutana naye bafuni. Wengi wetu tunaishi katika nyumba za kupanga ambamo familia tano au sita hutumia mita moja ya LUKU, yaani ya umeme unaolipiwa kabla. Mwenye taa mbili na redio anachanga sawa na mwenye friji, pasi na jagi la umeme. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: bei nafuu ya matumizi madogo ya nyumbani ina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, na mita inayobeba familia tano hukipita kikomo hicho mapema, hivyo wote wanalipia uniti kwa bei ya juu, hata yule wa taa mbili. Ugomvi hauanzi kwa sababu watu ni wabaya, bali kwa sababu hesabu yenyewe ina kasoro.

Uniti huisha usiku. Kinachofuata wapangaji wenzangu wanakijua: nyumba nzima iko kimya gizani, kila mtu yuko kitandani na simu yake, ana uwezo wa kununua umeme pale pale, lakini anasikiliza nani atachoka kwanza na kutoka kwenda kuingiza zile tarakimu 20. Asubuhi vijembe vinaanza kwenye status za WhatsApp, kuhusu watu fulani wanaopenda vya bure. Na sisi tuliookoka tuna kijembe chetu maalumu, nacho ni maombi ya sauti ya juu saa tano za usiku, tukimwomba Mungu awaguse "wenye roho ya uchoyo katika nyumba hii", na ukuta wenyewe ni wa tofali moja. Kwa maoni yangu, sala ya namna hiyo haijaelekezwa mbinguni.

Mathayo 18:15 inatuelekeza tofauti kabisa: ndugu akikukosa, mwendee mkiwa ninyi wawili tu. Isiwe kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji, wala kupitia kwa mke wake, wala mbele ya mwenye nyumba siku anayokuja kuchukua kodi. Katika nyumba tunayoishi, jambo lililosaidia ni karatasi iliyobandikwa kando ya mita, yenye jina la aliyenunua, tarehe, kiasi cha fedha na idadi ya uniti, baada ya mwenye friji kufuatwa chumbani kwake na kuulizwa kwa heshima kama yuko tayari kuchangia zaidi. Alikubali kwa sharti kwamba mwenye pasi naye aongeze. Mwenye pasi alinuna mwezi mzima. Mambo hayakuwa matamu, ila giza limepungua.

Waefeso 4:26 inaruhusu hasira na papo hapo kuiwekea mpaka: mwe na hasira, ila msitende dhambi, na jua lisichwe mkiwa bado na uchungu. Ninaupenda mstari huu kwa sababu hautudai tujifanye hatujakasirika. Mtu aliyepigwa chenga na fundi ana haki ya kukasirika. Kinachoulizwa ni hasira hiyo itakwenda wapi: kwa fundi mwenyewe, kwa maneno ya wazi na tarehe ya mwisho, au kwa mtoto aliyemwaga chai jioni ile.

Kwa ufupi, niligusie pia suala la pepo. Wapo ndugu ambao kila kinachowakwamisha, hata pancha ya bodaboda, hukikemea kama shambulio la adui. Siwadharau, lakini Yesu alipopashwa habari za watu waliouawa na Pilato, aliwakumbusha pia wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakataa wazo kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Yako mambo yanayotokea kwa sababu ukuta ulikuwa mbovu. Pancha inahitaji kiraka.

Na yapo mambo ambayo utayafuatilia kwa adabu yote na bado yasikamilike. Kwa hayo tuna Zaburi ya 13, inayoanza kwa kumwuliza Bwana "hata lini", na tuna Yakobo 5:7, anayetutajia mkulima anayengoja mvua ya kwanza na ya mwisho. Wenzetu wa mikoa yenye vuli na masika wanamwelewa Yakobo bila mfasiri: mkulima anayengoja mvua amekwisha kutifua, amekwisha kupanda, na jembe lake liko tayari kwa palizi.

Naomba kuwasilisha. Wenye mtazamo tofauti karibuni.

#2 – Mchangiaji wa kwanza

Ahsante kwa uzi, mkuu. Mimi ninakaa upande wa ndani wa dirisha kama hilo ulilolieleza, ingawa si hospitalini, kwa hiyo naomba niseme ukweli ambao hautapendeza. Anayepiga kelele huhudumiwa haraka. Si kwa sababu tunamheshimu, bali kwa sababu tunataka aondoke. Mpole anayesema "nitasubiri, dada yangu" tunampenda, halafu tunamsahau, na faili lake linabaki chini ya mengine. Je, huoni kwamba unawafundisha Wakristo wawe watu wa kusahauliwa?

#3 – Mleta uzi

Dada yangu, nashukuru kwa kuwa mkweli. Hoja yako ndiyo nzito kuliko zote ambazo ningeweza kupingwa nazo. Hata kadhi wa Luka 18 alikubali kwa sababu hiyo hiyo uliyoitaja: alitaka mjane aondoke. Lakini mjane hakumtukana. Alirudi. Ninachopendekeza kwa mpole ni kwamba asiseme "nitasubiri" peke yake, bali aulize mambo matatu kabla hajaondoka dirishani: jina la anayeshughulikia faili lake, kilichobaki kukamilika, na siku ya kurudi, ayaandike mbele yako, na siku hiyo arudi na karatasi yake. Niambie kama mtu huyo utamsahau. Halafu lipo la pili: yule mpiga kelele aliyehudumiwa haraka amechukua nafasi ya mtu mwingine kwenye foleni, pengine mama mwenye mtoto mgongoni. Mkristo hawezi kuuita huo ushindi.

#4 – Mchangiaji wa pili

Tumsifu Yesu Kristo. Nimeisoma mada yote na ninaiunga mkono, ila naomba uongeze jambo. Katika jumuiya yetu nimeona kwamba saburi huhubiriwa kwa wanawake na kwa mabinti wa kazi za ndani kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Mume akichelewesha fedha ya matumizi, mke ndiye anayeambiwa awe na saburi. Chakula kikichelewa, mume haambiwi hivyo. Binti wa kazi hajalipwa miezi kadhaa, naye anaombewa apate moyo wa uvumilivu na yule yule asiyemlipa. Wengine wanafika mbali zaidi na kumwambia mwanamke anayepigwa kwamba huo ni msalaba wake.

#5 – Mleta uzi

Milele, amina. Ulichosema ni kweli, na mwisho wa ujumbe wako umetoka nje ya kero ukaingia katika uhalifu. Kupigwa si kero ya kila siku na uzi huu hauhusiki nako. Kwa hilo lipo Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na mchungaji au katekista anayemzuia mtu asiende huko anabeba mzigo mzito mbele za Mungu. Kuhusu mshahara wa binti wa kazi, Yakobo amekwisha kutoa hukumu katika 5:4, aliposema kwamba ujira uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele. Mistari mitatu tu baadaye ndipo anapowaambia ndugu wavumilie. Maneno hayo mawili yamekaa katika sura moja, na anayehubiri la pili kwa mfanyakazi wake bila kulisoma la kwanza ameisoma Biblia nusu.

#6 – Mchangiaji wa tatu

Mimi ni Muislamu na nimepita kusoma tu, ila suala la mita limenigusa. Kwetu tunafundishwa kwamba Mwenyezi Mungu yu pamoja na wanaosubiri, Suratul Baqara aya ya 153, kwa hiyo hatuko mbali. Katika nyumba yetu umeme uliisha wakati wa daku, katikati ya Ramadhani, na aliyeamka kununua ni jirani Mkristo ambaye hata kufunga hafungi. Tangu hapo suala la nani katumia pasi limekuwa dogo. Swali langu ni hili: mwenye nyumba anakataa kutufungia mita ndogo za kila chumba, anasema ni gharama. Saburi yenu inasemaje hapo?

#7 – Mleta uzi

Karibu sana, ndugu yangu. Hapo saburi inasema andikeni barua. Kaeni wapangaji wote, ulizeni fundi umeme aliyesajiliwa awape gharama za mita hizo ndogo kwa maandishi, kisha mpendekezee mwenye nyumba kwamba mtazinunua ninyi na fedha hiyo ikatwe kidogo kidogo kwenye kodi. Mpeni muda wa kujibu, mkamkumbushe muda ukifika, na asipojibu kabisa mpelekeeni mjumbe wa mtaa wenu nakala kabla ya kwenda ofisi ya serikali ya mtaa. Msigome kulipa kodi, kwani mtampa sababu ya kuwafukuza. Na wa kwanza kutia sahihi awe mwenye friji, maana yeye ndiye mita hizo zitamwongezea gharama, na mwenye nyumba akiona hata huyo amekubali atakosa pa kusema kwamba wapangaji wake wanagombana tu.